Helmeti iliyojaa udongo: uchambuzi wa ajali ya mtangazaji wa kipindi cha magari, Uingereza 2006

Waokoaji walilikuta gari limelala juu chini, sehemu yake imezama kwenye majani kando ya njia ya ndege. Dereva alikuwa bado amefungwa mikanda na helmeti ipo kichwani, ila kioo cha mbele cha helmeti kilikuwa kimefunuka. Helmeti ilikuwa imechota udongo kama jembe, na udongo huo ukaingia mdomoni na kuumiza jicho la kushoto. Kabla ya kuligeuza gari, mmoja alitafuta mapigo ya moyo, wakasikiliza kama anapumua. Alikuwa anapumua.

Jina la mtangazaji, la kipindi na la timu iliyomiliki gari tumeyaacha. Tarehe, mahali na takwimu tumezibakiza, kwa sababu bila hizo kisa hakifundishi kitu. Tumekiandika kwa ajili ya wanaotengeneza video za magari, wanaoendesha mbele ya kamera, na wanaowaandalia kazi hiyo.

Usuli

Wazo la kipindi lilikuwa rahisi kulieleza: mtangazaji aendeshe gari lenye injini ya ndege, kisha awaeleze watazamaji lilivyo. Gari lilikuwa na urefu wa mita 9 hivi na injini ya Orpheus, aina iliyotumika kwenye ndege za kijeshi. Nyuma ya injini kulikuwa na mfumo wa kumwaga mafuta ya ziada ndani ya gesi ya moto ili yawake tena na kuongeza msukumo. Julai 2000, gari hilohilo likiwa na dereva wake mzoefu liliweka rekodi ya Uingereza ya wastani wa maili 300.3 kwa saa, yaani kilomita 483, kwenye njia hiyohiyo.

Njia yenyewe iko Elvington karibu na York, uwanja wa zamani wa jeshi la anga wenye njia ya takriban kilomita 3. Lami ni ndefu na imenyooka. Kando yake ni majani, na chini ya majani ni udongo laini. Jambo hilo la udongo litarudi baadaye.

Mtangazaji hakuwa mgeni wa magari ya kasi. Lakini kuendesha kitu ambacho magurudumu yake hayasukumwi na injini, kinachosukumwa na moto wa nyuma kama ndege, ni ujuzi mwingine kabisa, naye alijifunza pale pale uwanjani.

Maamuzi yaliyofanywa kabla ya siku

Kulikuwa na pendekezo la kujaribu rekodi rasmi. Mkuu wa uzalishaji alilikataa kwa sababu majaribio ya rekodi yana hatari zake. Mpango ukawa hivi: gari lipite kwa upande mmoja tu wa njia, kasi ipimwe kwa GPS, na shabaha iwe kupata kasi ya juu kabisa pamoja na maelezo ya mtangazaji, si wastani wa kupita mara mbili kama rekodi inavyotaka.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na kasoro yake inafundisha vilevile. Kilichokataliwa kilikuwa jina la rekodi. Kasi haikuwekewa kikomo, na katika mzunguko wa sita, yaani mara ya sita ya kuipita njia, gari lilipita kilomita 500 kwa saa, juu ya wastani wa rekodi yenyewe. Ukipunguza hatari kwa kubadilisha kichwa cha habari huku spidi ikibaki ileile, hujapunguza kitu. Tathmini ya hatari inatakiwa iandike namba: mwisho wetu ni kilomita 300 kwa saa, hatupiti hapo, na nani ana mamlaka ya kuzima.

Siku ya tukio, 20 Septemba 2006

Walianza kwa mizunguko ya taratibu kiasi, bila moto wa ziada, wakapandisha hatua kwa hatua. Huo ndio utaratibu sahihi wa kumzoesha dereva. Hadi mzunguko wa sita walikuwa wamepata picha nzuri na kasi waliyoitaka.

Mzunguko wa saba ulikuwa wa kuongezea picha. Jioni ilikuwa imeshaingia.

Gari likiwa kwenye takriban kilomita 463 kwa saa, tairi la mbele la kulia liliharibika ghafla. Gari likavuta upande huo, likaacha lami, likaingia kwenye majani na kubingirika mara kadhaa. Parachuti moja ilifunguka. Gari lilisimama likiwa juu chini, kama mita 90 kutoka kwa kikosi cha dharura.

Kikosi kilifika upesi kwa sababu kilipangwa mahali pa kufikia upesi. Walikagua uhai kwanza, wakaligeuza gari, wakakata vyuma kwa mkasi wa haidroliki, na helikopta ya wagonjwa ikampeleka hospitali kuu ya Leeds. Alikuwa na jeraha kubwa la ubongo na alikaa wiki mbili bila fahamu. Januari 2007 alirudi kwenye runinga.

Uchunguzi ulisema nini

Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, ilichunguza. Chanzo cha ajali kilikuwa tairi la mbele la kulia. Mamlaka ilikuta udhaifu kwa shirika la utangazaji, katika kutathmini hatari na katika kukodi huduma za wengine, na udhaifu mwingine kwa timu ya gari katika tathmini zake. Hakuna aliyeshtakiwa.

Suala la kukodi huduma ni la kila siku kwenye uzalishaji. Prodyuza anakodi gari pamoja na fundi wake, anadhani fundi ndiye anayesimamia usalama. Fundi anadhani watu wa runinga wana mtu wao wa usalama. Kila mmoja ana karatasi yake, na hakuna karatasi inayosema nani anakagua tairi kati ya mzunguko wa sita na wa saba.

Tairi: hesabu ya haraka

Kilomita 463 kwa saa ni karibu mita 129 kwa sekunde. Tuchukue tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 ili tupate picha. Litazunguka mara 68 kwa sekunde, na kila gramu ya mpira iliyo kwenye sehemu inayokanyaga itavutwa kwenda nje kana kwamba ina uzito wa zaidi ya kilo 5. Tundu dogo ambalo kwenye gari la mtaani lingekuletea pancha ya kufika nayo gereji, hapa linaruhusu tabaka za tairi zianze kubanduka, na zikianza hazisimami.

Dereva naye ana nini? Mtu aliye macho huchukua nusu sekunde hivi kutambua na kujibu. Katika nusu sekunde hiyo gari limeshapita mita 64. Ndiyo maana ni kosa kulijadili tukio hili kama suala la umahiri wa usukani. Katika kasi hiyo kazi ya usalama hufanyika gari likiwa limesimama.

Ukaguzi kati ya mizunguko unafanywa hivi. Gari linapandishwa jeki, gurudumu linazungushwa kwa mkono taratibu, mzunguko mzima, huku mtu amevaa glavu nyembamba akipapasa sehemu inayokanyaga na kuta zote mbili, wa nje na wa ndani. Anatafuta uvimbe, mchubuko, kokoto iliyokwama, uzi uliotokeza. Upepo unapimwa na kuandikwa pamoja na saa. Tairi likiwa la moto upepo hupanda, kwa hiyo namba moja peke yake haisemi kitu. Unalinganisha kulia na kushoto, na mzunguko huu na uliopita. Likionekana la upande mmoja limeshuka wakati mwenzake limepanda, kazi imekwisha mpaka libadilishwe. Njia nayo hutembelewa kwa miguu, watu wakipangana mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, wakiokota kila kokoto na kila kipande cha chuma. Kazi hii inakula dakika 20 hadi 40, na ndiyo ya kwanza kukatwa jua linapozama na mwongozaji bado anataka shoti moja.

Helmeti ilifanya kazi gani, na ilikwama wapi

Ndani ya ganda la helmeti kuna povu gumu, ndugu wa lile jeupe linalofungashiwa televisheni mpya. Kazi yake ni kupondeka. Linapopondeka linarefusha muda wa kichwa kusimama, na muda huo wa sehemu ndogo ya sekunde ndio tofauti ya kupona na kufa. Mtu aliyebingirika akitokea kwenye kasi ile akatoka hai, helmeti ina sehemu yake.

Ila kuna mambo ambayo helmeti haikutengenezwa kuyafanya, na hapa ililazimishwa kuyafanya.

La kwanza ni kugusa ardhi. Helmeti ya dereva wa gari haitakiwi kufika chini hata gari likipinduka. Upinde wa chuma nyuma ya kichwa ndio unaobeba gari. Mashindano ya magari ya wanafunzi ya Formula Student yanataka helmeti iwe angalau milimita 50 ndani ya mstari unaounganisha ncha ya upinde wa mbele na ya upinde wa nyuma. Mbio za dragi za Marekani, zile fupi za mstari mnyoofu, chini ya chama chao cha NHRA zinataka upinde uzidi helmeti kwa inchi 3, yaani milimita 76. Vipimo hivi huchukuliwa dereva akiwa ameketi, amevaa helmeti, na mikanda imekazwa. Wengi hupima kiti kikiwa kitupu. Na kuna mtego: kwenye lami bomba la upinde hubaki juu na kuteleza, lakini kwenye udongo laini bomba jembamba huzama, na zile milimita 76 hupotea kabla gari halijamaliza kujigeuza. Kwa anayetaka kukimbia kwenye viwanja vya ndege vya changarawe na nyasi, kama vilivyojaa Afrika Mashariki, upinde uwekewe bamba pana la chuma juu yake ili uteleze badala ya kuchimba, au nafasi iongezwe.

La pili ni kioo. Kioo kisichofungwa kwa kibano hufunuka helmeti ikisukumwa na kitu kutoka chini kwenda juu, na udongo unafanya hivyo hivyo. Helmeti za mbio nyingi zina kibano au pini ya kukifungia. Kishikizo cha msuguano tu hakitoshi. Kwenye seti ya video kioo hufunguliwa kila baada ya mzunguko ili dereva azungumze na kamera, kisha hufungwa kwa mkono, kwa haraka. Mtu wa mwisho kuondoka kwenye gari ndiye asukume kibano mpaka kilie, halafu ajaribu kukifungua kwa kidole gumba. Kisipofunguka, anaondoka.

La tatu ni shingo. Helmeti ya kilo 1.5 katika mshtuko wa mara 40 ya mvutano wa dunia huivuta shingo kama mzigo wa kilo 60, juu ya uzito wa kichwa chenyewe. Mikanda inashika mabega; kichwa hakishikwi na kitu. Ndiyo kazi ya HANS, ile nira ya mabegani yenye kamba mbili zinazonasa kwenye helmeti. Formula 1 iliifanya lazima mwaka 2003, na wanaofuatilia Safari Rally ya Naivasha wanaiona mabegani kwa kila dereva na msoma ramani wake.

Helmeti ya bodaboda ndani ya gari

Swali hili huulizwa sana, tulijibu hapa. Helmeti ya pikipiki inapimwa kwa mtu anayeangukia barabarani. Ya gari, kwa mfano yenye kibandiko cha Snell (taasisi ya Marekani ya kupima helmeti) SA2020 au SA2025, au cha FIA (shirikisho la dunia la mbio za magari) 8859-2015, inapimwa pia kwa moto, na Snell huipiga kwenye nondo ya umbo la upinde wa gari, kwa kuwa kichwa cha dereva hugonga mahali palepale tena na tena. Herufi ndizo za kuangalia: SA ni ya magari, M ni ya pikipiki. Kibandiko kiko ndani, chini ya kitambaa. Kisipokuwepo, usikubali maelezo ya muuzaji.

Saizi nayo. Pima kwa utepe sentimita 2.5 juu ya nyusi, kuzunguka sehemu pana ya nyuma ya kichwa. Ukishavaa, shika helmeti kwa mikono miwili uizungushe: ngozi ya mashavu iende nayo. Funga mkanda wa kidevu, kisha mwenzako asimame nyuma, ashike ukingo wa chini na kuivuta kwenda juu na mbele. Ikitoka, ni kubwa. Mtangazaji kuazimwa helmeti ya timu siku ya kazi ni jambo la kawaida mno, na mara nyingi huwa ni kubwa, kwa sababu kubwa huwaingia wote.

Kamera isigandishwe kwenye helmeti. Kwenye udongo hugeuka mkono wa kuipindua shingo. Ifungwe kwa boliti kwenye bomba la upinde, mbali na mahali kichwa kinapoweza kufika mikanda ikivutika.

Uso na sauti

Hapa ndipo runinga na usalama hugombana kweli. Kipindi kinauzwa kwa uso wa mtangazaji. Helmeti iliyofunika yote inaficha uso na kuzima sauti, kwa hiyo shinikizo ni kuvaa ya uso wazi, au kutovaa kabisa.

Desemba 2022, kwenye uwanja mwingine wa majaribio Uingereza, mtangazaji mwingine alikuwa kwenye gari la magurudumu matatu lisilo na paa, bila helmeti. Lilipinduka. Majeraha makubwa yalikuwa usoni. Kipindi kilisimamishwa, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa hakitarudi kwa siku za karibuni. Gari lile halikuwa na injini ya ndege. Ukiliweka kando ya tukio la 2006, linakuonyesha kwamba kasi kubwa huwafanya watu wavae vifaa, na gari dogo la kuchekesha huwafanya wavivue.

Dawa ya kiufundi ipo na si ghali. Maikrofoni ndogo ya waya hubandikwa ndani ya helmeti karibu na mdomo. Kamera ndogo huwekwa chini mbele ya dereva ikitazama macho, na macho ndani ya helmeti husema mengi kuliko wazalishaji wanavyoamini. Maelezo marefu hurekodiwa gari likiwa limesimama, au katika mzunguko wa taratibu ambao haukusudiwi kuonyesha kasi. Mzunguko wa kasi uwe wa kimya. Mtangazaji anayegeuza kichwa kuitazama kamera ya pembeni kwa sekunde moja tu kwenye kilomita 180 kwa saa ameendesha mita 50 bila kuona, na wengi wao huzungumza huku mkono mmoja ukipunga.

Mzunguko wa ziada

Mzunguko wa saba haukuwa na lengo ambalo wa sita haukulitimiza. Kasi ilishapatikana. Karibu miaka 11 baadaye, 10 Juni 2017 nchini Uswisi, mtangazaji huyohuyo alikuwa kwenye mbio za kupanda mlima akiendesha gari la umeme. Alikuwa ameshavuka mstari wa kumalizia gari lilipoacha barabara, likabingirika na kushika moto. Alitoka akiwa amevunjika goti. Matukio mawili hayatoshi kuwa takwimu, lakini yeyote aliyewahi kusimamia siku ya kupiga picha anaijua saa hiyo: kazi kubwa imekwisha, watu wamelegea, mafundi wanaanza kukunja waya, na mtu mmoja anasema "mara moja tu".

Idadi ya mizunguko iandikwe asubuhi. Ikitakiwa kuongezwa, mzunguko mpya uanze upya wote: jeki, tairi, njia kwa miguu, mikanda (wa kiunoni kwanza, kisha ya mabega juu ya HANS), kibano cha kioo, neno la dereva mwenyewe kwamba hajachoka. Mamlaka ya kukataa awe nayo mtu asiyelipwa kwa idadi ya picha. Kikosi cha dharura kikianza kufunga vitu vyake, gari haliwashwi.

Kilichofanyika vizuri

Uokoaji. Wahudumu walikuwa karibu, walijua mahali pa kukata, na walikagua kama anapumua kabla ya kuligeuza gari. Kwa mtu aliyejazwa udongo mdomoni, dakika chache zaidi zingemaliza kila kitu. Timu ndogo zisizo na helikopta zinaweza kuiga sehemu moja bila gharama: kufundisha watu wawili kuvua helmeti. Wa kwanza anaingiza mikono chini ya ukingo na kushika taya na kisogo, shingo isisogee. Wa pili anafungua au kukata mkanda wa kidevu, anavuta kwa nje kingo za masikioni, na kuiondoa kwa kuinamisha kidogo kidogo. Ifanywe mazoezi kwa mtu mzima na mwenye afya, asubuhi, kabla injini haijawashwa.

Na helmeti iliyokwisha kugonga haivaliwi tena hata ganda likionekana zima, kwa kuwa povu lililopondeka halirudi. Isiyogonga nayo hubadilishwa baada ya miaka 5 hivi. Andika tarehe ya ajali kwa kalamu ya wino nzito juu ya ganda, kisha ukate mkanda wa kidevu kwa mkasi, mwingine asije akaiokota stoo na kuivaa.